Mjadala: Mzazi alibatizwa tangu utotoni. Mwanawe aliyeokoka amhubirie, au amwache?

Mleta mada, Mbeya mjini
Kamwene, ugonile ndugu zangu. Kijana ameokoka akiwa chuoni. Likizo anarudi Rungwe na kumwambia baba yake, mzee wa kanisa la Moravian, kwamba hajaokoka. Wapo wanaosema ametii Marko 5:19, pale Yesu alipomtuma yule mtu wa nchi ya Wagerasi arudi kwa watu wa kwao. Wapo wanaosema amemkosea mzazi adabu. Mnasemaje?

Mzee wa Tukuyu
Wanangu, Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Ziko nyumba huku ambazo aliyebatizwa kwanza ni babu wa babu. Ukimwambia mzee wa nyumba hiyo kuwa bado ni mpagani, umemwambia pia kwamba mama yake aliyemfundisha kusali alihangaika bure. Usomeni tena huo mstari. Mtu yule aliambiwa aeleze mambo ambayo Bwana amemtendea yeye. Hakutumwa kupima imani ya wazazi.

Mwinjilisti, Uyole
Shikamoo mzee. Heshima naikubali, ila ubatizo peke yake hautoshi. Nikodemo alikuwa mwalimu wa dini na bado aliambiwa lazima azaliwe mara ya pili, Yohana 3. Mtu anaweza kuwa hana deni hata la bahasha moja kanisani, na mjukuu akiugua anakwenda kwa mganga usiku kuuliza nani kamroga. Mtoto anayeliona hilo akanyamaza hampendi baba yake. Na msibani ndipo ukoo wote unapokutana, wa Kyela hadi wa Tunduma. Mhubiri 7:2 inasifu nyumba ya matanga kwa sababu hiyo hiyo: aliye hai hutafakari.

Dada wa Mafinga
Mtumishi, kwa mganga nakuunga mkono. Kwa msibani, hapana. Ibada ya mazishi ni ya mchungaji na wazee wa kanisa. Kijana akipewa dakika tano aongee kwa niaba ya familia akazigeuza wito wa toba, wafiwa hawana pa kwenda. Wengi wananyosha mkono kwa uchungu au kwa aibu, na matanga yakianuliwa hakuna anayewafuatilia.

Kinachopasua nyumba zaidi ni kumdai mzee abatizwe upya kwa maji mengi. Kanisa lake linaweza kumtenga na Meza ya Bwana, naye anaanza kuwaza nani atamzika, na akina mama wa jumuiya gani watakuja na kuni na maharage. Hofu hiyo hasemi. Anachosema ni "usiniletee dini mpya hapa".

Inayofaa ni hii. Likizo ya kwanza usihubiri. Shika jembe, lipa ulichokopa, mwombe msamaha uliyemkosea. Ndugu wanakukumbuka ulivyokuwa, na wanataka kuona kilichobadilika. Kisha mwombe baba msome pamoja, yeye akiongoza. Marko ina sura 16; sura moja kila Jumapili jioni ni miezi minne hivi. Sura ya kwanza ina mistari 45, kwa sauti haifiki dakika kumi. Ukimaliza uliza swali moja tu: "Baba, hapa umeona nini?" Halafu nyamaza, hata akikaa muda mrefu. Wengi huharibu hapo, wanajibu wenyewe. Kama macho yamechoka, tafuta Biblia ya maandishi makubwa, au ya Kinyakyusa. Wamoravian pia wana kitabu cha mistari ya kila siku, kinachochapwa kila mwaka tangu kile cha 1731. Anzia hapo, hakuna mzee atakayekuona umeleta kigeni.

Na jamani, klipu za mahubiri kila alfajiri kwenye kundi la WhatsApp la ukoo! Watu wananyamazisha kundi, na taarifa ya mgonjwa ikija hawaioni.

Mwinjilisti, Uyole
Dada, miezi minne kwa mgonjwa wa saratani ni mingi.

Mzee wa Tukuyu
Kwa mgonjwa omba ruhusa kwanza. Keti, usimsimamie juu ya kitanda. Zaburi 23, sala fupi, muulize kama kuna linalomlemea, basi. Akitaka Meza ya Bwana, mwite mchungaji wake, si wako.

Mwinjilisti, Uyole
Mchungaji wake aitwe, sawa mzee. Msibani pia nimewaelewa. Ila swali la Yohana 3 baba aulizwe mapema, angali na nguvu za kujibu na hata za kugomba. Kutoulizwa kabisa, hapo bado hatujakubaliana.