Kupima plagi za injini za ndege za 1917–1918: hewani, kwenye chemba ya presha, au silinda moja?

chuma_na_cheche:
Wakuu salaam. Nafuatilia majaribio ya plagi za Vita Kuu ya Kwanza, wakati injini za ndege zilipoanza kupandishwa kompresheni (kiasi silinda inavyobana hewa). Injini ya Liberty ya jeshi la Marekani ilikuwa 5.4 kwa 1, BMW IIIa ya Ujerumani 6.4 kwa 1. Naona njia tatu: kurusha cheche hewani, kuifunga plagi kwenye chemba yenye hewa ya presha, au kuikimbiza kwenye injini ya silinda moja. Ipi ina maana?

boda_injinia:
Hewani inatosha. Laza plagi juu ya silinda hedi, zungusha magneto (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche), ukiona cheche ya bluu kazi imeisha. Kwenye pikipiki ndivyo tunavyofanya kila siku.

MzeeWaMagneto:
Hapo mkuu umepima magneto na waya, plagi bado. Kadiri hewa iliyo kwenye mwanya wa plagi, pale cheche inaporuka, inavyosongamana, ndivyo volti za kurusha cheche zinavyopanda. Mwanya wa nusu milimita hewani unaridhika na volti 2,000 na ushee. Ndani ya Liberty, throto ikiwa wazi kabisa, hewa imebanwa mara tano na zaidi, na volti zinapanda karibu kwa kiasi hicho. Umeme unaona tabu kuruka mwanya, unapita kwenye ufa wa kauri inayozuia umeme usivuje, au kwenye utando wa masizi. Plagi iliyowaka vizuri mkononi inakosa kuwasha ndani ya injini.

Na hesabu ya chemba wengi wanaipatia vibaya. Silinda hubana hewa na kuipasha moto pamoja, kwa hiyo presha yake inapanda kuliko msongamano, na cheche inafuata msongamano. Chemba ya hewa baridi ikisoma kama psi 65 (kipimo cha presha) kwenye geji, yaani juu ya presha ya kawaida ya hewa, tayari ni sawa na 5.4 kwa 1.

boda_injinia:
Mbona pikipiki yangu ni 9 kwa 1 na inawaka?

MzeeWaMagneto:
Koili yako ina volti za akiba na kauri yako ni ya alumina (oksidi ya aluminiamu). Wao hawakuwa na kimoja wala kingine.

ulanga_au_kauri:
Chemba ya baridi inaficha ugonjwa mkubwa: joto. Kauri ya enzi hizo ikipata moto sana inaanza kupitisha umeme, hata kama ikiwa baridi ilipimwa ikaonekana safi. Tena ikipoa ghafla inapasuka. Ndiyo maana Waingereza waliipenda plagi ya ulanga (mica, madini ya matabaka membamba), hasa za chapa ya KLG. Ulanga haupasuki kwa mshtuko wa joto. Baadaye petroli yenye madini ya risasi (lead) ikaanza kuula, na miaka ya 1930 alumina ikachukua nafasi.

Halafu kuna elektrodi (ncha ya chuma ya plagi) inayoiva nyekundu na kuwasha mchanganyiko kabla ya cheche. Hiyo utaijua kwenye silinda moja tu: ikimbize kwa mzigo wote, kata umeme. Injini ikiendelea kuwaka, kuna kitu ndani kimeiva, na mshukiwa wa kwanza ni plagi.

angani_kila_siku:
Mmesahau mwinuko. Juu, hewa nyepesi inaipunguzia kazi cheche ya ndani, ila nje ya plagi umeme unaruka kirahisi juu ya kauri mpaka kwenye chuma. Bureau of Standards ya Washington, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, mwaka 1917 ilijenga chumba cha kunyonya hewa na kuingiza injini nzima humo. Ukiniuliza mimi, hicho ndicho kipimo. Bei yake tusiizungumzie.

chuma_na_cheche:
Na kuvuja gesi?

MzeeWaMagneto:
Chemba ileile. Paka mafuta kwenye maungio ya juu, tazama mapovu. Ila ipashe plagi moto kwanza, maana chuma hutanuka kuliko kauri na maungio hulegea hapo. Mimi ningechambua shehena yote kwa chemba, zinazopita ndizo ziende kwenye silinda moja. Liberty moja inakula plagi 24, huwezi kuzikimbiza zote benchi.