Walioacha sigara wakanenepa, tupeane uzoefu: uzito mliudhibiti vipi?

Habari zenu wakuu. Nina miezi minne tangu niache fegi, nilikuwa mtu wa paketi moja kwa siku miaka 12. Ngazi sasa napanda bila kuhema, ila nimetoka kilo 71 hadi 77 na suruali zangu zote kifungo hakifiki. Shida kwangu ni huu mkono wa kulia, ulishazoea kwenda mdomoni, ukikosa sigara unaokota chochote cha kutafuna, na ulimi nao umefufuka, chakula kinanoga balaa. Mlionitangulia mlifanyaje? Kurudia sigara kisa kitambi sitaki kabisa.

Mdau 1: Hongera kwanza mkuu. Hiyo ni kawaida, nikotini inakata hamu ya kula na inaufanya mwili uunguze chakula haraka kidogo, ukiacha unapigwa kotekote. Wengi wanaongezeka kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza na miezi 3 ya mwanzo ndo mibaya zaidi. Mi kosa langu nilianza dayati kali wiki ileile niliyoacha, njaa na arosto vikanikuta pamoja, siku ya 9 nikawasha. Nilivyoacha mara ya pili nikasema sigara kwanza, mwili baadaye, nikaja kuanza mazoezi mwezi wa tatu na sijavuta tena.

Mdau 2: Kwangu mtihani ulikuwa baada ya kula. Ile sigara ya mwisho wa msosi ndo ilikuwa inaniambia nimemaliza, nilipoacha nikawa simalizi, naongeza tu. Siku hizi sahani ikiisha nanyanyuka hapohapo napiga mswaki, ile ladha ya dawa ya meno inakata hamu ya kuongeza, halafu natoka kutembea dakika 10, maana kiu ya sigara yenyewe haikai, ni dakika chache inapita.

Mdau 3: Mi nilitumia bigijii za nikotini, uzito ukatulia, nilipoziacha kilo tatu zikaja. Nilienda kwa daktari nalia namwambia bora nivute, akanieleza mwaka mmoja bila sigara hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka karibu nusu, kilo tatu haziwezi kufuta hilo. Nikakata soda, mbili zimetoka, moja bado. Na mkuu, nunua suruali moja inayokutosha sasa hivi, usijibane kwenye zile za zamani kila asubuhi, mi zilinifanya niuchukie mwili wangu wakati ndo kwanza unapona.