Msaada: kupima maendeleo ya madogo wa U14 hapa Kigoma, nani anakua kisoka na nani amekua mwili tu?

Kocha_Gungu:
Mwakeye wakuu. Nina vijana 24, kwa makaratasi wana miaka 12 hadi 14, mazoezi siku tatu kwa wiki. Natakiwa kubaki na 16, na mwisho wa mwaka niweze kuonyesha nani amepiga hatua. Sasa hivi nina daftari la alama 1 hadi 10: kasi, umiliki wa mpira, nguvu, nidhamu. Tatizo ni kwamba kila nikijumlisha, wa juu ni walewale wenye miili.

Mifano miwili inayonisumbua. Jezi 9 ni mshambuliaji, urefu sentimita 168, nusu ya magoli yetu ni yake. Jezi 14 ni kiungo, sentimita 149, mguso wake wa kwanza ulikuwa bora kuliko wote, lakini tangu Februari anajikwaa, anapoteza mpira, anachelewa kugeuka. Mzazi anasema kaingia uvivu. Vifaa: futikamba, koni 20, mipira mitano, simu moja nzuri. Mnapimaje nyie?

Daftari_na_Filimbi:
Mkuu, kabla ya alama yoyote pima urefu, maana bila huo daftari lako linapima kubalehe, halipimi soka. Mvulana wa kawaida anakua kama sentimita 5 kwa mwaka kabla ya kubalehe, halafu inakuja miezi ambayo mwendo unapanda mpaka 9 au 10 kwa mwaka, kwa wastani karibu na miaka 14. Wengine wanaifikia wakiwa na 12, wengine 16. Ukiwaweka pamoja kwenye U14 una wanaume na watoto uwanja mmoja.

Namna ya kupima: ukuta ulionyooka, sakafu ya saruji, miguu mitupu, visigino, makalio na mgongo vimegusa ukuta, macho mbele. Weka kitabu kigumu juu ya kichwa, pembe yake imegusa ukuta, chora alama. Pima mara mbili, zikitofautiana zaidi ya milimita 4 pima ya tatu na uchukue ya katikati. Saa ileile kila mara, asubuhi ni bora, kwa sababu hadi jioni mtu anapungua karibu sentimita nzima. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Ukipima kila mwezi utadanganyika: mtoto anayekua 5 kwa mwaka anaongeza milimita 4 tu kwa mwezi, na hiyo ni sawa na kosa la mkono wako.

Kisha: tofauti ya urefu, mara 365, gawa kwa idadi ya siku kati ya vipimo. Ikivuka 7, dogo yuko ndani ya mruko wa kukua. Miguu ndiyo inaanza, kiwiliwili kinafuata, ndiyo maana suruali inakuwa fupi kabla ya shati. Na mtoto ambaye miguu imerefuka ghafla hupoteza mizani kwa muda: ubongo bado unapiga hesabu za mguu wa zamani. Mpira unampita, anakosa nyakati. Hapo jezi 14 wako anaweza kuwa mvivu, lakini mimi nisingemhukumu kabla ya futikamba.

Ukipata mwendo chini ya 4 kwa mwaka kwa mtoto ambaye bado hajabalehe, usiguse soka lake. Angalia chakula, minyoo, malaria za mara kwa mara, na mpeleke zahanati.

Mwisho_wa_Reli:
Kuna fomula inayohitaji umri na urefu tu, ya Moore na wenzake, 2015. Kwa wavulana: zidisha umri (kwa desimali) na urefu kwa sentimita, zidisha na 0.0036124, toa 8. Jibu ni miaka kabla (alama ya kutoa) au baada ya kilele cha kukua, yaani pale mwendo wa kukua unapokuwa juu kabisa. Mwenye miaka 13.5 na sentimita 149: 13.5 × 149 = 2011.5, ukizidisha unapata 7.27, toa 8 inabaki −0.73. Yaani bado kama miezi tisa kufika kileleni. Mwenye umri huohuo na sentimita 168 anapata +0.19, amekivuka juzi tu. Kosa lake la kawaida ni karibu nusu mwaka kwenda mbele au nyuma, na kwa wanaowahi sana au kuchelewa sana linaongezeka.

Kibirizi_FC:
Fomula nzuri, ila hapa kwetu ina shimo: inameza umri wowote unaoipa. Huyohuyo wa 168 akiwa kweli na miaka 15.5, jibu linaruka kutoka 0.19 hadi 1.41. Na sote tunajua habari za vijeba, wakubwa waliopunguza umri, kwenye mashindano ya shule ya UMISSETA na UMITASHUMTA. Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa mwaka jana kwa ajili ya mashindano hakina uzito wa kadi ya kliniki ya utotoni yenye tarehe za chanjo. Omba kadi. Imepotea? Daftari la darasa la kwanza shuleni.

FIFA yenyewe ilianza mwaka 2009 kupiga picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U17, kuangalia kama mfupa umeshaunga kabisa, dalili kwamba mchezaji huenda amevuka umri. Wewe huna mashine hiyo, lakini mwendo wa kukua aliousema Daftari hauulizi cheti. Mwenye “miaka 13” anayeongeza sentimita 2 kwa mwaka karibu amemaliza kukua, awe kijeba au aliyewahi kubalehe. Kwa swali lako majibu ni mamoja: faida ya mwili aliyonayo leo wenzake wataifuta.

Kocha_Gungu:
Asanteni. Kumbe vipimo ninavyo: nilipima Januari 10 kwa ajili ya kushona jezi, nikarudia Aprili 11. Jezi 14: 147.2 kisha 149.6. Jezi 9: 168.0 kisha 168.5. Siku 91.

Daftari_na_Filimbi:
Jezi 14: 2.4 × 365 ÷ 91 = 9.6 kwa mwaka. Yuko kileleni kabisa. Mwambie mzazi aache neno uvivu. Na hapo fomula ya Mwisho_wa_Reli ilisema bado miezi tisa. Umeona tofauti, vipimo viwili vya ukutani vinaishinda.
Jezi 9: 0.5 × 365 ÷ 91 = 2.0. Ila nusu sentimita iko karibu mno na kosa la kupima, tena vile vya jezi sidhani ulivua watoto viatu. Subiri cha Julai ndipo useme.

Kocha_Gungu:
Viatu walivua, kitabu sikutumia, nilikadiria kwa kiganja. Nitarudia.

Fizio_Kasulu:
Naongeza upande wa maumivu, kwa sababu dogo wa 9.6 ndiye anayevunjika moyo mapema. Mambo mawili ya kukagua kila wiki. La kwanza, kinundu cha mfupa chini ya pia ya goti: bonyeza kwa kidole gumba, akiruka kwa maumivu ni mshipa mnene unaovuta mfupa laini unaokua (Osgood-Schlatter). La pili, kisigino: kiminye kulia na kushoto kwa pamoja, akiumia ni tatizo la aina hiyohiyo kwenye kisigino, hili huwapata hata wa miaka 9 au 10.

Si lazima asimame kabisa. Ondoa kuruka, kukimbia mteremko na mbio za kasi, acha pasi na mpira wa eneo dogo, mradi maumivu yasizidi wakati wa zoezi na yasiwepo asubuhi ya pili. Makosa ya kwetu ni kupandisha watoto vilima kujenga “pumzi”, na njumu za meno marefu kwenye udongo mwekundu uliokauka Juni hadi Septemba. Meno hayaingii ardhini, kisigino kinabeba kila kitu. Kiangazi wavae viatu vya soli bapa.

Achechemeaye, goti lililovimba, au maumivu ya usiku: hospitali, si barafu ya kocha.

Mchambuzi_Ujiji:
Tumeongea mwili mpaka soka limesahaulika. Kocha, alama zako 1 hadi 10 zina ugonjwa mmoja: dogo akifunga goli unampa 8 ya kasi, 8 ya akili, 8 ya nidhamu, yote kwa goli moja. Dawa: pima kitu kimoja kwa watoto wote 24 ndipo uende kitu kingine, tena mwenye macho mengine aandike peke yake kabla hamjazungumza. Mkitofautiana zaidi ya alama mbili, rudini kwenye video.

Ila kipimo ninachokiamini ni cha 4 kwa 4. Uwanja mita 30 kwa 20, magoli madogo ya koni bila kipa, dakika 4 mchezo, dakika 2 mapumziko. Ukiwa na watoto 24 unapata timu sita, viwanja vitatu kwa pamoja, mipira yako mitano inatosha. Kila raundi changanya timu upya kwa kura. Kila mtoto anajipatia pointi za timu yake: ushindi 3, sare 1. Magoli ya mtoto mmoja mmoja usihesabu. Cheza raundi 4 kwa siku, siku mbili, jumla nane. Ikiisha utaona dogo mfupi asiyefunga ambaye kila timu anayowekwa inashinda, na mfungaji ambaye timu zake zinashinda zikiwa na mpishi (mtengeneza nafasi) tu. Raundi tatu hazitoshi, bahati ya kura bado inatawala.

Halafu rekodi. Simu iwe juu, kwenye tuta au ukuta nyuma ya goli. Chagua mipira 10 aliyopokea mtoto na uhesabu mambo matatu: amegeuza shingo mara ngapi katika sekunde 5 kabla mpira haujamfikia, mguso wa kwanza umempeleka kwenye nafasi au kwa adui, mpira uliofuata umemkuta mwenzake? La shingo si mapambo, Mnorwe Geir Jordet amelifanyia utafiti miaka mingi kwa viungo wa ligi kubwa: wanaotazama zaidi ndio wanaopiga pasi za mbele zinazofika. Na shingo haitegemei kubalehe. Jezi 14 anaweza kupoteza mipira 6 kati ya 10 mwezi huu, lakini kama bado anatazama mara 4 kabla ya kila mpokeo, akili iko palepale, inasubiri miguu.

Kuhusu uwanja: penye mashimo huwezi kuhukumu mguso, unahukumu bahati. Fagia na usawazishe kipande kimoja cha mita 15 kwa 15 kwa ajili ya kipimo cha mguso, na usikifanye siku ya mvua, mpira ukilowa unakuwa jiwe. Wa miaka 12 wape mpira namba 4.

Mwisho_wa_Reli:
Kasi nayo. Achana na kidole kwenye stopwochi, kwa mita 10 kosa la kidole linaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya watoto. Rekodi kwa picha 60 kwa sekunde, simu ubavuni, mbali kiasi cha kuona mwanzo na mwisho bila kuigeuza. Simika fimbo mbili, na usogeze kila moja mpaka kwenye kioo cha simu ionekane juu ya mstari wa mwanzo au wa mwisho anaouvuka mkimbiaji, la sivyo pembe ya kamera inakuibia nusu mita. Hesabu picha tangu mguu wa nyuma unapoondoka mpaka kiuno kinapopita fimbo, gawa kwa 60. Picha 120 ni sekunde 2.00. Mara tatu, chukua bora. Linganisha mtoto na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita, usimlinganishe na jezi 9.

Kibirizi_FC:
Mwezi wa kuzaliwa pia. Mkisajili kwa mwaka, wa Januari na wa Desemba wanatofautiana karibu mwaka mzima ndani ya kundi moja. Kanada waliligundua kwenye hoki ya barafu, Barnsley na wenzake 1985: timu za juu zimejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo. Njia ya bure ya kujikumbusha: siku ya majaribio, namba za vizibao zifuate umri, mdogo kabisa namba 1. Utafiti uliochapishwa 2017 ulionyesha maskauti walipopewa namba zilizopangwa kwa umri upendeleo ulipungua. Kuwapa tarehe kwenye karatasi hakukusaidia. Wewe panga kwa mwendo wa kukua, ndiyo shida yako.

Reli_na_Mpira:
Swali la pembeni ila lina hela: hao 24 mmewasajili rasmi kupitia chama cha soka, au ni majina ya daftarini tu? Kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiuzwa nje ya nchi asilimia 5 ya ada inagawiwa kwa klabu zilizomlea kati ya mwaka wa kutimiza miaka 12 na wa 23. Miaka ya 12 hadi 15 kila mmoja ni asilimia 0.25, kuanzia 16 ni 0.5. Akiuzwa dola 200,000, kila mwaka wako wa kumlea akiwa mdogo ni dola 500. Bila usajili wenye tarehe hudai hata senti. Na umri wa uongo unahamisha hiyo miaka, unaweza kujikuta umelea mtu “wa miaka 11”.

Kocha_Gungu:
Tumesajili 13 tu. Hao 11 nawashughulikia wiki hii. Swali la mwisho: kubaki na 16 nifanyeje sasa, siwezi kusubiri Julai.

Mchambuzi_Ujiji:
Raundi nane za 4 kwa 4 unamaliza ndani ya wiki moja. Chukua 12 wa juu kwa pointi. Nafasi 4 zilizobaki usizijaze kwa pointi: wape walio na mwendo zaidi ya 7, au ambao mruko wao bado haujaanza, wanaotazama sana kabla ya kupokea. Wanane wasiochaguliwa waendelee kuja angalau siku moja kwa wiki na wapimwe ukutani pamoja na wengine, maana mruko wao nao unakuja. Kipa mpime kando, hii hesabu haimhusu.

Daftari_na_Filimbi:
Na jezi 9 mbakize, ila mazoezini mchezeshe na U16. Huko bega halitamsaidia, utajua ana nini kingine.