Klachi ya Subaru WRX: ya kawaida au ya shaba? Na lever fupi je?

Turbo_Katuba (Lubumbashi)
Habari zenu wakubwa. Klachi ya WRX yangu inateleza, na lever ya gia inacheza kama mwiko ndani ya uji. Bwati (sanduku la gia) inashushwa wiki ijayo. Nimetajiwa njia tatu: kiti (seti nzima ya klachi) ya kawaida ya kampuni ya Exedy, ile ambayo disiki yake ina vipande vya shaba, au ya kawaida pamoja na volan nyepesi ya moteri (gurudumu la chuma ambalo klachi hufungwa juu yake). Na lever fupi niiweke siku hiyo hiyo? Mniambie ninunue ipi.

FundiKamalondo (Lubumbashi)
Mwaka gani? Gia tano au sita? Presha ya turbo imeongezwa? Hujasema lolote, kaka. Gia tano inachukua disiki ya mm 230, sita mm 240. Za 2002 hadi 2005 klachi ni ya kuvutwa, lakini gia tano za kuanzia 2006 ni ya kusukumwa. Plato (sahani inayobana disiki) na bute (beringi inayoachia klachi ukikanyaga pedali) za aina hizo mbili haziingiliani hata kidogo. Na umepimaje huko kuteleza? Weka gia ya nne kwa km 50 kwa saa, kanyaga gesi mpaka chini. Mshale wa mizunguko ukipanda na gari lisifuate, basi ni klachi.

Turbo_Katuba
Ya 2004, gia tano. Mshale unapanda.

Himbi_Rally (Goma)
Weka ya shaba. Disiki ya kawaida ikipata moto kwenye mawe ya huku inaanza kunuka na kuteleza. Shaba inaendelea kubana.

Kadutu_Boxer (Bukavu)
Inabana, na hapo ndipo hatari ilipo. Bwati ya gia tano ya WRX inajulikana kwa kukatika meno ya gia ya tatu. Klachi inayoteleza kidogo wakati wa kuondoka ndiyo inayoipunguzia pigo. Ukifunga ya shaba, pigo lote linaenda kwenye meno. Volan nyepesi nayo, kwa milima ya Bukavu, hapana: haina uzito wa kushikilia mizunguko, gari linazima katikati ya mlima. Lubumbashi ni tambarare, ila kwenye msongamano utachoka.

Himbi_Rally
Meno yanakatwa na dereva anayeachia pedali kwa mizunguko 5,000. Usisingizie shaba.

FundiKamalondo
Aina ya kiti ni nusu tu ya kazi. Kuna WRX moja iliyoletwa na klachi mpya yenye km 200: gia ya nyuma inasaga, ya kwanza haiingii mpaka moteri izimwe. Waliotangulia walilaumu haidroliki (mfumo wa mafuta wa pedali), wakabadilisha pampu ya juu na ya chini, wakatoa hewa mara tatu. Bwati iliposhushwa, disiki ilikutwa imepinda kwenye kitovu. Wakati wa kufunga, bwati iliachwa bila jeki, ikaning'inia kwenye shafti yake, uzito wote ukalalia disiki. Disiki iliyopinda haiachii hata ukikanyaga pedali hadi sakafuni. Tena bomba ambalo bute inateleza juu yake lilikuwa limelika, bute mpya inakwama pale pale. Na grisi ilijazwa kwenye meno ya shafti hadi ikarukia disiki. Grisi ni ya kupaka na kufuta, ibaki utando tu.

Kwa ya kuvutwa kama yako: kabla ya kutenganisha bwati, fungua kizibo cha ubavuni kwa ufunguo wa alen mm 10. Ndani kuna shafti ya uma, yaani mkono unaoisogeza bute. Ikamate kwa boliti ya M6, uivute, kisha inua uma utoke kwenye masikio ya bute. Asiyejua hili huitenganisha bwati kwa mtaimbo mpaka ganda linapasuka.

Kadutu_Boxer
Na nguvu za kukaza boliti, kwa nyutoni-mita (Nm): volan Nm 72, plato Nm 16 kwa msalaba, bwati na moteri Nm 50. Badilisha sili ya nyuma ya krankishafti na beringi ndogo iliyo katikati ya volan, hata kama zinaonekana nzima.

Turbo_Katuba
Na lever?

Kadutu_Boxer
Mchezo huo unatokana na bushi, siyo lever. Ile mpira ya nyuma ya stei (fimbo inayoshikilia lever) na ile ya kiungo cha mbele. Funga mpya, kisha uendeshe ndipo uamue. Lever fupi inapunguza safari ya mkono, lakini inaongeza nguvu unayosukuma nayo. Ukiwa na haraka, sinkro (pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla haijaingia) ndizo zinazolika.

Himbi_Rally
Bushi za poliuretani, siyo mpira. Na lever fupi pia.

FundiKamalondo
Poliuretani inaleta mngurumo ndani ya gari. Kwa gari la kila siku, mpira wa kiwanda. Oili ya bwati lita 3.5, 75W-90 ya daraja la GL-5, na usiondoke kwa nguvu kabla ya km 800.

Himbi_Rally
GL-5? Inakula shaba ya sinkro. GL-4.

Kadutu_Boxer
Bwati hii difarensha ya mbele iko ndani yake, oili ni moja. Meno ya difarensha yanadai GL-5, na kiwanda chenyewe kimeandika hivyo.

Himbi_Rally
Kuna za GL-5 zisizodhuru shaba, na kuna zinazodhuru. Soma kopo.

Turbo_Katuba
Sawa. Volan ya zamani ina alama za bluu za moto. Tornio (karakana ya kuchonga chuma) gani hapa Lubumbashi inaisawazisha vizuri?