Ushauri: Nanunua nyumba kwa mkopo, je bima ya benki inatosha au nikate nyingine kabla ya kuhamia?

Mgeni_wa_Goba:
Wakuu habari za jioni.

Niko hatua za mwisho kununua nyumba Goba. Imeshakamilika, ina vyumba vitatu, ukuta, kisima na simtanki mbili. Tumekubaliana milioni 165: benki inatoa 100, iliyobaki ni akiba yangu na mama watoto. Upekuzi wa hati Ardhi umefanyika, iko safi. Kilichobaki ni uhamisho wa jina na muuzaji kulipwa.

Kwenye barua ya mkopo nimekuta makato mawili ya bima. Moja limeandikwa bima ya maisha ya mkopaji, lingine bima ya moto na majanga yanayoambatana nao. Ofisa mikopo ananiambia hizo ni za lazima, nikishalipa nimemaliza. Sijaelewa nimemaliza nini hasa.

Muuzaji ni mzee mmoja mstaarabu sana. Anasema nyumba ina bima yake hadi mwezi wa sita mwakani, na yuko tayari kuniachia hati yake ya bima ili nisiingie gharama mara mbili.

Halafu, mzee ameshahama, ila sisi hatuingii mpaka watoto wafunge shule Desemba. Hapo katikati fundi atapaka rangi na kubadilisha makabati ya jikoni. Nyumba itakuwa tupu, na mlinzi wa usiku tu.

Je, hiyo bima ya benki inanilinda mimi au inailinda benki? Ya mzee naweza kuirithi? Na bima ianze lini, siku ya kulipa, ya hati kutoka au ya kuhamia? Naomba kuwasilisha.

mchumia_juani:
Mkuu, bima ya nyumba Bongo ni mbwa wawili na vipande vya chupa juu ya ukuta. Hao jamaa siku ya kuchukua hela ni ndugu, siku ya kulipa hawakujui. Hiyo hela weka nondo madirishani.

zamani_madai:
Mchumia, mbwa hawazimi moto. Nimefanya kazi kitengo cha madai miaka mingi kabla ya kustaafu, na malalamiko mengi ya "hawalipi" niliyoyapokea yalikuwa ya watu wasiojua walichokatia. Siyo yote, lakini mengi.

Mgeni, tuanze na makato yako. Ile ya maisha inalipa deni ukifariki au ukipata ulemavu wa kudumu, ili familia ibaki na nyumba bila kudaiwa. Haina uhusiano wowote na moto wala wizi. Ya pili ndiyo ya jengo, na kwenye hati yake benki huandikwa kuwa mwenye haki ya kwanza kwenye fidia. Nyumba ikiteketea, benki inachukua deni lake kwanza, kinachobaki ndicho chako.

Sasa waulize wameikatia kwa kiasi gani. Nimeona hati nyingi zimekatwa kwa kiasi cha mkopo peke yake. Kama yako ni milioni 100, mkopo ukiwa bado mbichi karibu fidia yote itaishia benki, nanyi mbaki na kiwanja chenye majivu na ile 65 yenu imekwenda.

Lakini usiruke kwenye 165 pia. Bei hiyo ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kulijenga upya jengo lile lile kwa bei za leo, pamoja na kuondoa kifusi, michoro, kibali, ukuta na kisima. Benki ilituma mthamini, na bila shaka umemlipa wewe. Dai nakala ya ripoti yake. Mara nyingi humo ndani kuna kipengele cha thamani ya bima, tofauti na thamani ya soko. Ukitaka uhakika zaidi tafuta mkadiriaji majenzi.

Kukatia pungufu kuna adhabu yake, na hapa ndipo watu wanapolia. Tuseme kujenga upya ni milioni 130 nawe umekatia 100. Jiko likaungua, hasara milioni 26. Utasema 26 iko ndani ya 100, watalipa yote. Hapana. Wewe umekatia 100 juu ya 130, kwa hiyo wanalipa kwa uwiano huo huo: milioni 20. Toa tena kile kiasi cha kujichangia kilichoandikwa kwenye mkataba, yaani sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Iliyobaki utajua mwenyewe.

wakili_wa_kijiweni:
Naongezea kwenye bima ya mzee. Bima haiuzwi pamoja na nyumba kama milango na madirisha. Ni mkataba kati yake na kampuni, na ili mtu alipwe lazima awe na maslahi kwenye mali iliyopata hasara. Akishakuuzia na kulipwa, nyumba ikiungua yeye hana alichopoteza, kwa hiyo hana cha kudai. Wewe uliyepoteza kampuni haikujui. Labda kampuni yenyewe ikubali kwa maandishi kubadilisha jina, na hapo itataka kukukagua upya, sawa na kukata mpya tu.

Mshukuru mzee, ila mwambie aulize kampuni yake kama anaweza kurudishiwa sehemu ya ada ya miezi iliyobaki. Ni hela yake.

Kuhusu lini ianze, angalia mkataba wa mauziano. Je, kuna kifungu kinachosema hasara ikitokea kabla ya makabidhiano ni ya nani? Mikataba mingi inayoandikwa mtaani haina hata mstari mmoja wa hilo. Kama wako hauna, muombe mwanasheria auweke kabla hamjasaini: hadi siku ya kukabidhiwa funguo hasara ni ya muuzaji, baada ya hapo ni yako. Bima yako ianze siku hiyo hiyo. Siku ya kuhamia haihusiki hapa.

Halafu kwa sheria yetu ya bima ya 2009, ada isipolipwa hakuna bima. Usikubali maneno ya "tumeshakuingiza kwenye mfumo, utalipa mwisho wa mwezi".

mama_wawili:
Kaka Mgeni, hiyo ya nyumba kukaa tupu usiichukulie poa. Sisi ya kwetu iko Kigamboni. Tulimaliza kununua, tukaiacha zaidi ya mwezi mafundi wakiwa wanaingia na kutoka. Siku tunaenda kufanya usafi tukakuta pampu ya kisima haipo, hita ya maji haipo, na fremu mbili za alumini zimefunguliwa taratibu kama zinahamishwa na mwenyewe. Bima tulikuwa nayo, ya wizi ikiwemo. Wakakataa kwa sababu mbili: nyumba haikuwa na mtu kwa zaidi ya siku 30 mfululizo, na hakuna alama ya kuvunja. Funguo alikuwa nazo fundi, na vijana wake, na pengine na rafiki za vijana wake. Kampuni siitaji, ila nilipiga kelele pale ofisini mpaka mlinzi akaitwa.

Mlinzi wa usiku sijui kama anahesabika kuwa "mtu anayeishi". Ulizia.

zamani_madai:
Dada yuko sahihi. Vifungu hivyo viwili viko karibu kwenye kila mkataba wa bima ya nyumba, sema siku zinatofautiana. Mlinzi anayelinda usiku nje kwa kawaida hafanyi nyumba ihesabike kuwa inakaliwa. Dawa yake ni kuiandikia kampuni kabla: nyumba itakuwa tupu tangu tarehe fulani hadi tarehe fulani, kuna mlinzi, kuna fundi wa rangi na makabati. Wao watakubali, au wataongeza ada kidogo, au watasema wizi haumo mpaka uhamie. Vyovyote, jibu uwe nalo kwenye karatasi au baruapepe. Simu haisaidii siku ya madai.

Kama fundi atachomelea au atatumia tina kwa wingi ndani, litaje pia. Rangi na makabati ni kazi ndogo. Ungekuwa unabomoa ukuta au unapandisha ghorofa, ingehitajika bima ya ujenzi, ambayo ni kitu kingine kabisa.

Na fomu ya maombi jaza mwenyewe. Wakala akikujazia aandike "ukuta una waya wa umeme" wakati hauna, uongo huo unahesabiwa wako.

Mgeni_wa_Goba:
Asanteni sana aisee. Kumbe fomu yangu ilijazwa na yule ofisa mikopo, mimi nilisaini tu. Kesho naifuata. Je, lazima niichukue bima wanayouza wao benki?

zamani_madai:
Benki siku hizi zina leseni ya uwakala wa bima, ndiyo maana wanakuwekea karatasi mbele. Wanachohitaji ni jengo liwe na bima inayotosha na jina lao liwemo. Waulize kama wanapokea ya kampuni nyingine uliyochagua, nyingi hukubali. Linganisha vinavyolindwa kwanza, bei baadaye.

Bei yenyewe siyo ya kutisha. Chukua mfano wa asilimia 0.2 kwa jengo la milioni 130: ni shilingi 260,000 kwa mwaka, weka VAT asilimia 18 inakuwa 306,800. Kiwango halisi kitategemea kampuni, paa na majanga uliyoongeza. Paa la makuti, kwa mfano, utalilipia zaidi.

jirani_wa_bondeni:
Mimi naishi Goba. Mgeni, hiyo nyumba iko mlimani au bondeni? Mvua za masika huku zinachimba makorongo, kuna kuta zimekwenda na maji nikiangalia. "Moto na majanga yanayoambatana nao" isikudanganye. Soma kama mafuriko yamo, na kama kuporomoka kwa udongo kumo. Ni vitu viwili tofauti, na ukuta wa kuzuia udongo nao uutaje kwa jina lake. Waliokuwa Dar Desemba 2011 wanajua maji yakiamua. Watu wa Jangwani na bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande.

Mimi ningeenda kuiangalia nyumba siku mvua inanyesha kabla hata ya kuongelea bima.

Kashai_Moja:
Na tetemeko msilisahau. Sisi wa Bukoba tulikuwa tunadhani ni mambo ya Japani mpaka tarehe 10 Septemba 2016. Ukubwa wa 5.9 tu, nyumba zikapasuka na nyingine zikalala chini. Mtaani kwetu sikumjua hata mmoja mwenye bima ya nyumba.

fundi_umeme_Tegeta:
Kwa upande wangu: kabla hujahamia pima waya zote, hasa kama nyumba ina zaidi ya miaka kumi. Makabati mapya ya jikoni maana yake utaongeza oveni, na waya wa zamani hauwezi. Ukipata ripoti ya fundi mwenye leseni, itunze. Pia uliza kama umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu ukaunguza friji na TV wanalipa. Wengi hawalipi mpaka uongeze kipengele hicho. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike mlangoni, watu huikumbuka nyumba ikiwa imekwisha.

mama_wawili:
Halafu hamjagusa vya ndani! Bima ya benki ni kuta na paa. Makochi, friji, nguo, vyote havimo. Hiyo unakata mwenyewe. Sisi safari hii tulipita kila chumba na simu tunarekodi, tukafungua hadi makabati, risiti tukazipiga picha tukatuma kwenye baruapepe. Dhahabu na fedha taslimu zina kikomo kidogo, ziulizie. Laptop na simu unazotoka nazo zinakatiwa kipengele cha peke yake, vinginevyo zikiibiwa kwenye daladala imekula kwako. Na siku ya kuhama, vitu vikiwa juu ya kenta haviko kwenye nyumba ya zamani wala mpya. Waambie waviweke humo njiani, au mtafute msafirishaji mwenye bima ya mizigo.

mchumia_juani:
Haya yote sawa. Wakikataa kulipa bila sababu unampeleka nani?

wakili_wa_kijiweni:
Kwanza malalamiko ya maandishi kwa kampuni yenyewe. Ikishindikana kuna TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kampuni za bima, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima iliyoundwa kwa ajili hiyo, kabla hujafikiria mahakama. Na hati yako ukishaipata ihakiki kwenye mfumo wa TIRA. Vishoka wapo hata huku.

Mgeni_wa_Goba:
Mrejesho, wakuu. Ilikuwa kama alivyosema zamani_madai: wameikatia milioni 100 kamili, na mafuriko hayamo. Ripoti ya mthamini inasema kujenga upya ni 128 bila ukuta na kisima. Nimeomba ipandishwe hadi 140, mafuriko, kuporomoka kwa udongo na tetemeko viingizwe, na fomu nimeijaza upya kwa mkono wangu. Barua ya nyumba kuwa tupu wameipokea. Moto na mengine yanaendelea, wizi utaanza siku tukihamia. Vitasa vyote nabadilisha fundi akimaliza. Mwanasheria ameongeza kile kifungu cha makabidhiano, mzee hakuwa na neno.

Vya ndani bado nalinganisha kampuni mbili.

binti_sinza:
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi ni mpangaji tu, naweza kukata hiyo ya vya ndani bila nyumba kuwa yangu?

zamani_madai:
Unaweza, binti. Vitu ni vyako, maslahi ni yako. Sema wewe ni mpangaji, taja kama geti na ngazi mnashea na wengine, na uliza kama hasara utakayomsababishia mwenye nyumba, mfano jiko la gesi likiunguza chumba, nayo imo. Hiyo ndiyo wapangaji wengi hawaiulizi.