Ati "insha ya darasa la nane"!!! Leo nimeona mambo

mwandishi_wa_Umoja

Wasee, nimetoka mkutanoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka, kwa hivyo makosa ya tahajia mnivumilie. Jina silitaji. Mnamjua. Yule anayevaa kaptura ya kubana ya baisikeli kila Ijumaa na bado anakuja kazini na gari. Huyo huyo.

Mnaijua ile programu yake inayovuta matokeo ya mbio za baisikeli, ili ajenti wa AI akiulizwa nani alishinda hatua fulani, yaani siku moja ya mbio, asijitungie jibu. Sawa, inafanya kazi. Lakini ajenti haoni kilicho ndani. Anasoma maelezo ya kila amri ndiyo aamue aite ipi, aipe mwaka gani, na kitakachorudi akielewe vipi. Hayo maelezo nani aliandika? Mimi.

Na leo, mbele ya wateja, mbele ya dada anayeleta chai, mtu anafungua kinywa kusema: "Hii ni insha ya darasa la nane."

INSHA. YA DARASA. LA NANE.

Kisa ni hiki. Kwenye matokeo, mshindi huandikiwa muda wake kamili. Wengine wote huandikiwa tofauti tu, yaani walivyoachwa nyuma. Chukua Tour de France ya 1989: Greg LeMond, saa 87, dakika 38, sekunde 35. Chini yake Laurent Fignon, sekunde 8. Mimi nikaandika onyo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwamba safu hiyo isisomwe kama muda wa mbio. Yeye akalifuta. Ati maneno mengi yanakula tokeni, vile vipande vya maneno ambavyo AI huhesabu.

Basi mteja akauliza. Ajenti, bila haya, akajibu kwamba Fignon alimaliza mbio zote, zaidi ya kilomita 3,000, kwa sekunde 8. Hata nganya za Rongai, zile matatu za mbwembwe, hazijafika hapo! Mteja mwingine, mzee mpole sana, akauliza: "Sasa mbona alikuwa wa pili?" Kimya. Ndipo bwana mkubwa akanigeukia na hiyo sentensi yake. Darasa la nane. Dada wa chai akaniangalia kwa huruma, akaniongeza mandazi. Hiyo mandazi ndiyo imeniuma zaidi.

Na si onyo hilo tu alilofuta. Niliandika kwamba Lance Armstrong, yule Mmarekani, alipokonywa ushindi wake wa Tour de France mara saba, 1999 hadi 2005, na hakuna aliyepewa, kwa hivyo nafasi ya kwanza ikirudi tupu si kosa. Akafuta. Sasa ajenti akiona patupu anadhani mtandao umekatika, anaita tena, na tena, na tena, mpaka ile tovuti tunakovuta matokeo ikatufungia mlango. Niliandika pia kwamba Vuelta ya 2011, zile mbio za Hispania, ilikuwa ya Cobo, kisha mwaka 2019 akapokonywa ikawa ya Chris Froome. Akasema hiyo ni historia. Historia ya Froome, mtu aliyezaliwa hapa hapa Nairobi!

Halafu nani alimwambia insha ya darasa la nane ni tusi? Mimi KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, insha nilipata 38 kwa 40. Yeye alipata ngapi? Aje aseme hapa.

mla_githeri

Hayawi hayawi huwa. Siku ya siku ilifika. Nilirauka alfajiri na mapema, nikapiga mswaki, nikaelekea kuandika maelezo ya programu...

bonde_la_ufa

...guu mosi guu pili, kufumba na kufumbua, Fignon alikuwa amefika Paris.

mwandishi_wa_Umoja

Chekeni tu. Mbele ya wateja, jamani!

fundi_msimbo

Mimi niko upande wa mkubwa kidogo. Ukimjazia ajenti maelezo marefu kwenye kila amri, anachanganyikiwa anaita isiyofaa. Mstari mmoja ungetosha: "Kuanzia nafasi ya pili, muda ni tofauti na mshindi."

mwandishi_wa_Umoja

NDIO MSTARI ALIOUFUTA!!!

fundi_msimbo

Aah. Basi pole.

mama_wa_invoisi

Afadhali wewe, umetukanwa na mshahara umeingia. Mimi nilitafsiri programu ya mikopo tangu masika na mhasibu bado anasema "wiki ijayo." Nitukaneni mnilipe.

bonde_la_ufa

@mama_wa_invoisi ni yule wa Westlands? Wa miwani? Hata mimi ananidai uvumilivu.

mama_wa_invoisi

Huyo huyo!! Njoo inboksi.

pedali_za_Ngong_Road

Mnaongea baisikeli hapa na hakuna aliyetaja njia ya baisikeli. Leo Ngong Road nimekuta matatu imeegeshwa juu yake, boda boda tatu, na mtu wa mahindi ameweka jiko katikati. Ajenti wa AI apewe hiyo data kwanza.

mla_githeri

Mtu wa mahindi mwache. Huyo ana kazi ya maana kuliko wewe na kofia yako.

Kikuyu_ni_nyumbani

Turudi kwa Froome. Huyo ni wetu. Kinjah, yule mwendesha baisikeli wetu, ndiye alimfunza kupanda milima huku kwetu.

fundi_msimbo

Wetu wapi? Tour zote nne alishinda akiwa na leseni ya Uingereza. Kama ni Mwafrika wa kujivunia, ni Girmay wa Eritrea: Tour ya 2024 hatua tatu na jezi ya kijani, ile ya mwenye pointi nyingi.

Kikuyu_ni_nyumbani

Eritrea ni jirani, sikatai. Lakini mtoto akienda kuolewa mbali bado ni wa kwenu.

bonde_la_ufa

Froome ameolewa na nani tena?

mwandishi_wa_Umoja

Jamani, insha. Tulikuwa kwa insha.

mla_githeri

Insha ipi?

pedali_za_Ngong_Road

Kwa vile mko wengi hapa: nauza baisikeli ya barabarani, gia zote zinafanya kazi, nipo Dagoretti Corner. Elfu kumi na nane.

mama_wa_invoisi

Breki?

pedali_za_Ngong_Road

Ya mbele iko.

mama_wa_invoisi

Kumi na mbili, nikilipwa.