Mrejesho: kuorodhesha makaburi ya ukoo wetu Pangani

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza namna ya kuorodhesha makaburi ya zamani ya ukoo wetu huko Pangani, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kabla maandishi yake hayajafutika. Ushauri uliofaa kuliko yote ni ule wa kutosugua jiwe kwa brashi ya waya wala kulipaka chaki, bali kulimulika kutoka ubavuni kwa mwanga wa jua unaorudishwa na kioo, kwa kuwa mwanga unaopita juu ya jiwe kwa mshazari huacha kivuli ndani ya kila herufi. Kwa njia hiyo tulisoma mwaka 1310 Hijria, yaani kati ya Julai 1892 na Julai 1893, kwenye kaburi ambalo wazee walidhani halina maandishi kabisa. Ramani tuliichora kwa utepe wa kupimia, tukayapa namba hata makaburi yenye mawe matupu kichwani na miguuni. Hayo ndiyo yaliyotushinda: bibi alikumbuka majina machache, lakini kwa mengi wazee walitofautiana, nasi tumeandika kila kauli pamoja na jina la aliyeitoa. Lipu iliyomomonyoka upande wa baharini haikusomeka hata kwa kioo. Nakala moja ya daftari anayo shangazi, nyingine imehifadhiwa msikitini.